Oveni Ndani ya Kisiwa cha Jikoni: Uamuzi Uanze Kabla ya Sakafu Kumwagwa

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 8 Mei, 2024, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa Mwaka 2024–2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mazungumzo mengi kuhusu mkakati huo yamehusu mitungi ya gesi, majiko banifu na bei, na ni haki yawe hivyo, kwa kuwa kaya nyingi bado zinategemea kuni na mkaa. Hata hivyo, umeme unapopewa nafasi kubwa zaidi jikoni huleta pia maswali ya ujenzi ambayo hayakuwa na uzito wakati umeme ulipotumika kwa taa, redio na pasi pekee.

Mojawapo ya maswali hayo linahusu nyumba mpya ambazo michoro yake ina meza pana katikati ya jiko, yenye makabati chini na oveni iliyozamishwa ndani ya kabati mojawapo. Mafundi huiita meza hiyo kisiwa, na jina limeielezea vema: ni kitu kilichosimama peke yake, kikazungukwa na njia pande zote.

Kisiwa kinapendeza, kinaongeza nafasi ya kazi, na kinamwezesha mpishi kuwatazama wageni badala ya kuwapa mgongo. Kwa upande wa usalama kina upungufu mmoja, nao ndio chanzo cha takriban matatizo yake yote: hakina ukuta. Oveni inayokaa kwenye kabati la ukutani hupewa na ukuta vitu vitatu ambavyo mwenye nyumba hakuviomba. Hupewa njia ya kupitishia waya, mahali pa kushikizia kabati lisiyumbe, na upenyo mdogo nyuma ya kabati ambamo hewa ya moto hupanda na kutoka. Katikati ya chumba vitu hivyo havipo. Ni lazima vitengenezwe kwa makusudi, na cha kwanza kati ya hivyo, yaani njia ya waya, hupita chini ya sakafu. Zege likishamwagwa na vigae kubandikwa, mwenye nyumba hubaki na chaguo la gharama au chaguo la hatari.

Njia ya waya chini ya sakafu

Kwa nyumba ambayo bado inajengwa, kazi ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Kabla ya zege la sakafu kumwagwa, fundi umeme hulaza bomba la kupitishia waya kutoka kwenye kisanduku cha usambazaji wa umeme hadi mahali ambapo kisiwa kitasimama. Bomba hilo liwe pana kiasi cha kupitisha kebo nene bila kulazimisha, na kona zake ziwe za mviringo, kwa kuwa kebo ya oveni haipindi kama waya wa taa. Ni busara kulaza bomba la pili lililo tupu kando ya la kwanza. Gharama yake ni ndogo, na litafaa siku familia itakapoamua kuweka jiko la umeme juu ya kisiwa au soketi za kusagia na kukandia.

Hapa ndipo vipimo vya seremala vinapohitajika mapema. Katika ujenzi wetu wa kawaida seremala huitwa mwishoni, baada ya rangi, wakati fundi umeme alishamaliza kazi na kuondoka. Kwa kisiwa chenye oveni utaratibu huo haufai. Bomba likichomoza sentimita 20 nje ya mahali pake, litatokea katikati ya njia ya kupita au moja kwa moja nyuma ya oveni, sehemu ambayo kebo haitakiwi kulala. Mchoro wa kisiwa, ukionyesha kabati lipi litabeba oveni na lipi litabeba droo, uwe mkononi mwa fundi umeme siku anapopima sakafu. Kabla ya zege kumwagwa, mwenye nyumba apige picha za mabomba yote pamoja na vipimo vyake kutoka ukutani. Fundi wa vigae au wa maji atakayetoboa sakafu miaka mitano baadaye atahitaji kujua kilichopo chini.

Jambo jingine la kuzingatia ni maji. Majumbani mwetu sakafu hudekiwa kwa maji, mara nyingine kwa ndoo nzima, na kisiwa mara nyingi huwa na sinki upande mmoja. Mdomo wa bomba ndani ya kabati unyanyuliwe juu ya usawa wa sakafu, angalau sentimita 10, na kisanduku cha kuungia waya kifungwe juu zaidi kwenye ubavu wa kabati, mbali na mabomba ya sinki. Kiungio cha umeme kilicholazwa sakafuni nyuma ya kibao kinachoziba miguu ya kabati ni mtego, kwa sababu hakuna anayekiona na maji hukifikia kila asubuhi.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, sakafu ya chini inaweza kukatwa mfereji mwembamba, bomba likalazwa na vigae vikarudishwa. Kazi hiyo ina vumbi na gharama, lakini inawezekana. Sakafu ya ghorofani ni jambo tofauti. Zege lake lina nondo zinazobeba mzigo, na halipaswi kukatwa bila mhandisi kuruhusu. Pale ambapo njia ya chini haiwezekani, ushauri ulio wazi ni kuiweka oveni kwenye kabati la ukutani na kukiacha kisiwa kiwe meza ya kazi. Kupitisha kebo juu ya sakafu, chini ya zulia au ndani ya kipande cha plastiki kinachokanyagwa, hakukubaliki hata kwa muda. Hali ni hiyo hiyo kwa soketi ya kuongezea inayovutwa kutoka ukutani, ambayo haikutengenezwa kubeba oveni kwa saa mbili mfululizo.

Mzigo wa umeme na kazi ya breka

Oveni nyingi za kupachika zina nguvu ya kati ya wati 2,500 na 3,600. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Oveni ya wati 3,000 kwa hiyo huvuta takriban ampea 13, na ya wati 3,600 huvuta karibu ampea 16. Plagi ya pini tatu bapa tunayoitumia kila siku ina kikomo cha ampea 13. Kwa hesabu hiyo pekee, oveni kubwa haiwezi kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida, na hata ile ndogo itakuwa ikifanya kazi ukingoni mwa kikomo kila inapopasha joto. Soketi inayofanya kazi ukingoni hupata moto, plastiki yake hugeuka rangi ya kahawia, na viungio vyake hulegea. Inapokuwa imefichwa ndani ya kabati la kisiwa, dalili hizo hazionekani hadi harufu itokee.

Oveni iwe na sakiti yake yenyewe, kebo yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku, na breka yake yenyewe. Unene wa kebo hutegemea nguvu ya oveni, urefu wa njia na namna kebo ilivyolazwa, na fundi mwenye leseni ndiye anayepaswa kuukokotoa. Kwa oveni peke yake iliyo karibu na kisanduku, kebo ya milimita za mraba 2.5 inaweza kutosha chini ya breka ya ampea 16. Mafundi wengi makini huchagua 4 au 6 ili kuacha akiba, na katika kisiwa, ambako kubadilisha kebo baadaye ni kazi ngumu, akiba hiyo ina maana kubwa.

Yapo makosa mengi yanayofanyika katika eneo hili, lakini moja linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Oveni mpya inawashwa, breka inakatika, na mtu anashauri breka "kubwa" zaidi inunuliwe. Breka ya ampea 16 inatolewa, ya 32 inawekwa, oveni inawaka, na kila mmoja anaridhika. Watu wengi wanaamini kuwa breka hulinda oveni. Kazi yake ya kwanza ni kulinda kebo: hukata umeme kabla kebo haijapata joto ambalo vazi lake la plastiki haliwezi kulihimili. Kebo nyembamba iliyowekewa breka kubwa inaweza kubeba umeme maradufu ya uwezo wake bila kitu chochote kukatika. Itaungua polepole ndani ya bomba lake, chini ya sakafu, mahali ambapo hakuna jicho wala mkono unaofika. Breka inayokatika mara kwa mara inatoa taarifa, na jibu la taarifa hiyo ni kupima na kutafuta sababu. Breka hubadilishwa pale tu kebo nayo imebadilishwa au imethibitishwa kuwa inatosha.

Ni vema pia kutazama mzigo wa nyumba nzima. Chukua oveni ya kilowati 3, jiko la umeme la sahani nne juu ya kisiwa ambalo laweza kufikia kilowati 7, birika la kilowati 2 na hita ya maji ya kuogea ya kilowati 1.5. Vikiwaka vyote kwa pamoja ni kilowati 13.5, sawa na takriban ampea 59, kabla ya friji, pampu ya maji na kiyoyozi kuhesabiwa. Vifaa hivi haviwaki vyote kila wakati, lakini jioni ya sikukuu huwaka. Mwenye nyumba anayepanga jiko la aina hiyo awasiliane na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), au Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO) kwa upande wa Zanzibar, kuhusu uwezo wa laini yake na iwapo anahitaji umeme wa njia tatu. Mazungumzo hayo ni nafuu zaidi yakifanyika wakati wa kuomba kuunganishiwa umeme kuliko baada ya kuhamia.

Swichi ya kuzima oveni nayo ina mahali pake. Kwenye jiko la ukutani huwekwa juu ya meza ya kazi. Kwenye kisiwa iwekwe ubavuni mwa kisiwa au ndani ya kabati la jirani, mahali ambapo mtu mzima anaifikia bila kuivuta oveni na bila kupitisha mkono juu ya moto. Wanafamilia wote, pamoja na msaidizi wa kazi za nyumbani, waonyeshwe ilipo.

Waya wa ethi na umeme unaovuja

Mwili wa oveni ni wa chuma, na anayeigusa mara nyingi ana mikono yenye maji na miguu mitupu juu ya vigae. Waya wa ethi, ule wenye rangi ya kijani na njano, ndio unaohakikisha kwamba hitilafu ndani ya oveni inaishia kwenye breka badala ya mwilini mwa mpishi. Ethi ipimwe kwa kipimo maalumu. Bisibisi ya testa, ile yenye taa ndogo kwenye mpini, huonyesha kuwa umeme upo tu. Haithibitishi hata kidogo kwamba ethi inafanya kazi, ingawa baadhi ya mafundi huitumia kana kwamba inathibitisha.

Pamoja na ethi, sakiti ya oveni iwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja, chenye kikomo cha miliampea 30. Kifaa hiki hulinganisha umeme unaoingia na unaorudi, na kikiona tofauti hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar wanaweza kukutana na jambo linalowachanganya: oveni iliyokaa miezi kadhaa bila kutumika inawashwa, na kifaa hiki kinakata papo hapo. Mara nyingi sababu ni unyevu. Vipasha joto vya oveni vimejazwa unga unaozuia umeme kupita, na unga huo hufyonza unyevu wa hewa ya pwani. Fundi anaweza kuvipima na kuvikausha. Kinachotokea badala yake, kwa bahati mbaya, ni kifaa cha ulinzi kuondolewa "kwa sababu kinasumbua", na nyumba nzima kuachwa bila kinga.

Hewa na joto

Oveni ya kupachika huzuia sehemu kubwa ya joto lisitoke, lakini haizuii lote. Nyingi zina feni ndogo inayovuta hewa ya kawaida kutoka ndani ya kabati, ikaipitisha kuzunguka mwili wa oveni na kuitoa mbele, juu ya mlango. Feni hiyo huendelea kuzunguka hata oveni ikishazimwa. Ili ifanye kazi, hewa baridi lazima iwe na mahali pa kuingilia.

Kwenye kabati la ukutani hewa huingia kwa nyuma. Kwenye kisiwa nyuma ya oveni mara nyingi kuna kabati jingine linalotazama upande wa pili, limejaa sahani au, vibaya zaidi, mifuko ya plastiki na chupa za mafuta ya kula. Oveni inakuwa imefungiwa kwenye sanduku. Itavuta hewa ile ile iliyokwisha kupata moto, vifaa vyake vya kielektroniki vitachoka mapema, gundi ya mbao itaachia na kingo za milango zitapinda. Hatari ya moto huongezeka kadiri vitu vilivyohifadhiwa nyuma vinavyokaribia mgongo wa oveni.

Suluhisho ni kuacha njia ya hewa. Kibao cha chini kinachoziba miguu ya kabati kitobolewe matundu au kiwekewe wavu, rafu inayobeba oveni isifike hadi nyuma kabisa, na kati ya mgongo wa oveni na kabati la upande wa pili kuwe na nafasi inayopanda hadi chini ya meza na kutokea nje. Vipimo halisi viko kwenye kitabu cha maelekezo cha oveni husika, na kitabu hicho ndicho chenye kauli ya mwisho, kwa sababu oveni mbili zenye sura moja zinaweza kuhitaji nafasi tofauti. Kwa oveni nyingi za upana wa sentimita 60, tundu la kabati huwa na upana wa milimita 560 na kina kisichopungua milimita 550. Kina hicho ndicho seremala wengi hukipunguza ili kabati la nyuma lipate nafasi.

Upenyo mwembamba unaobaki kuzunguka oveni baada ya kuisukuma ndani usizibwe kwa silikoni. Unaonekana kama kasoro ya useremala, lakini umeachwa makusudi.

Kuhusu mbao, watengenezaji kadhaa hutaka kabati linalobeba oveni liweze kuhimili nyuzijoto 90 za Selsiasi. Mbao ngumu iliyokauka vema au ubao wa MDF wenye gundi nzuri huweza kufika hapo. Ubao wa bei ya chini wenye karatasi ya plastiki iliyobandikwa juu huanza kuachia mapema, hasa kwenye kingo. Ieleweke pia kwamba kebo za kawaida zenye vazi la PVC zimetengenezwa kwa joto la waya lisilozidi nyuzijoto 70. Kipande cha mwisho kinachoingia kwenye oveni kiwe cha aina inayohimili joto kama kitabu cha maelekezo kinavyotaka, na kilale pembeni, kisiguse mgongo wa oveni.

Iwapo juu ya oveni kutakuwa na jiko la umeme la sumaku, yaani induksheni, uangalizi uongezeke. Majiko hayo yana feni zake zinazovuta hewa kutoka chini, na watengenezaji wengi hawaruhusu yawekwe juu ya oveni isiyo na feni ya kujipoza.

Kisiwa kishikamane na sakafu

Oveni ya kupachika huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40, na mlango wake hufunguka kwa kulala mbele. Mtu akiweka juu ya mlango huo sinia lenye kuku wawili, au mtoto akiukanyaga ili afikie meza, uzito wote huvuta kuelekea mbele. Oveni iliyosukumwa tu ndani ya tundu bila skrubu zake za pembeni inaweza kutoka yote. Skrubu hizo huja na oveni ndani ya mfuko mdogo ambao mara nyingi hubaki kwenye boksi. Kisiwa chenyewe, kwa kuwa hakina ukuta wa kuegemea, kifungwe kwenye sakafu kwa vyuma vya kona kabla ya meza ya granaiti kuwekwa juu. Wakati wa kuipachika oveni, ishikwe na watu wawili kwa vishikio vya ubavuni, kamwe si kwa mpini wa mlango.

Nafasi ya kupita nayo ni suala la usalama. Mlango ukilala wazi huchukua karibu nusu mita ya njia. Kama kati ya kisiwa na sinki kuna sentimita 90, mpishi aliyeshika sinia la moto hana pa kurudi nyuma. Mita 1.2 ni kipimo kinachotosha. Kisiwa pia hufikiwa na watoto kutoka pande zote, na oveni yake hukaa chini, usawa wa mtoto wa miaka mitatu. Familia yenye watoto wadogo na yenye nafasi ya kuchagua ingefanya vema kufikiria kabati refu la ukutani, ambako oveni hukaa usawa wa kifua cha mtu mzima.

Gesi na oveni zisikae kabati moja

Nyumba nyingi huchanganya: oveni ya umeme chini, jiko la gesi juu. Mtungi wa kilo 15 huonekana kuenea vizuri kwenye kabati la jirani, na mpira wake hupitishwa nyuma ya oveni. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini ya kabati, kwenye pembe zilizofungwa, na oveni ina swichi za ndani zinazoweza kutoa cheche kila zinapowasha na kuzima kipasha joto. Mahali salama pa mtungi ni nje ya nyumba, kwenye kizimba chenye hewa, na gesi ifike kisiwani kwa bomba la chuma au shaba lisilo na maungio ndani ya sakafu. Koki ya kufungia iwe mahali panapofikika. Mpira, ikiwa utatumika kipande kifupi, usipite nyuma ya oveni hata kidogo. Aidha, feni ya darini iliyo juu ya kisiwa hupeperusha moto wa gesi na inaweza kuuzima huku gesi ikiendelea kutoka. Ni afadhali ihamishwe.

Oveni zinazotoka nje na mafundi wa kuzifunga

Baadhi ya wananchi huletewa oveni na ndugu walio ughaibuni. Oveni kutoka Uingereza au Falme za Kiarabu kwa kawaida zitafanya kazi kwa umeme wetu. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazifai: zimeundwa kwa mfumo wa volti 240 pamoja na volti 120 kwa taa, saa na vidhibiti, kwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde ilhali wetu ni 50, na nyingi zina upana wa takriban sentimita 76, hivyo hazitoshei kabati la sentimita 60. Kabla ya kulipia usafiri, omba upigiwe picha ya kibandiko chenye taarifa za umeme.

Kwa Tanzania Bara, leseni za wafungaji wa mifumo ya umeme hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), kwa madaraja yanayotofautiana kulingana na kazi. Mwananchi ana haki ya kuomba kuiona leseni kabla kazi haijaanza, na fundi halali haoni vibaya kuulizwa.

Siku ya makabidhiano isiishie kwenye taa ya oveni kuwaka. Oveni iwashwe ikiwa tupu, madirisha yakiwa wazi, kwa nyuzijoto 200 kwa saa moja, fundi umeme akiwapo. Moshi mwepesi na harufu ya mafuta ya kiwandani ni vya kawaida mara ya kwanza. Katika saa hiyo seremala na fundi washike mbavu za makabati ya jirani, wafungue kabati la upande wa pili na kuhisi joto lake, kisha waende kwenye kisanduku na kukagua kama breka au plastiki inayoizunguka imepata moto. Baada ya hapo umeme uzimwe na viungio vikazwe upya, kwa kuwa waya uliopata joto na kupoa huweza kulegea kidogo. Saa moja hiyo huonyesha mapungufu ambayo vinginevyo yangejitokeza usiku wa sikukuu, nyumba ikiwa na wageni.

Ikitokea moto ndani ya oveni, mlango usifunguliwe, kwa kuwa hewa mpya huukuza. Zima kwa swichi ya ubavuni au kwenye kisanduku, usimwage maji, ondoa watoto, na subiri moto ukose hewa huku ukitazama kwa mbali. Moshi ukitokea kwenye kabati au kwenye upenyo wa kisiwa badala ya mlangoni, moto umeshatoka ndani ya oveni: zima swichi kuu ya nyumba iwapo unaifikia kwa usalama, watoe watu wote nje na piga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, ambayo haina malipo, ukitaja mtaa, alama iliyo karibu na kwamba moto ni wa umeme.